Mchwa wanalaza miche bustanini? Ng'oa mmoja uuangalie kabla hujanunua sumu

Wengi tukiona mchwa bustanini swali la kwanza ni dawa gani kali, na naelewa kabisa, mana umehudumia pilipili zako wiki sita afu unaamka asubuhi unakuta zimelala chini, inauma sana. Ila kabla hujatoa hela yako hebu ng'oa mche mmoja uliolala uuangalie vizuri.

Kama ni mchwa, mche utang'oka kirahisi mno kana kwamba umechomekwa tu jana, sababu mizizi imebaki vijiti viwili vitatu, na lile shina la chini ya udongo limemenywa ganda kuzunguka au limetobolewa katikati afu likajazwa udongo. Huo udongo ndo alama yao. Pasua shina kwa kisu utaukuta umeshindiliwa humo ndani bado una unyevu, na ukiwahi asubuhi unawakuta wenyewe, weupe weupe wenye vichwa vya kahawia, wanakimbia mwanga. Shina likiwa limekatwa safi usawa wa ardhi kama kwa wembe na mizizi ipo salama, huyo ni sota, yule kiwavi anayekata miche, fukua kidogo hapo pembeni utamkuta kajikunja. Na mche ukinyauka huku mizizi yote ipo na haijaguswa, angalia ugonjwa au maji, mchwa usiwasingizie, dawa yao haitasaidia chochote hapo.

Sasa kitu ambacho natamani kila mwenye bustani akijue: chakula chao hasa ni vitu vilivyokufa na kukauka, yaani majani makavu, mabua, magogo, kinyesi kikavu. Duniani kuna aina kama 3,000 za mchwa na wanaosumbua mazao ni wachache tu. Wale wa vichuguu vikubwa ni wakulima kama sisi, wanabeba makavu wanayapeleka chini wanaoteshea kuvu wao, jamii ya uyoga, juu ya vitu kama sponji, ukichimba kichuguu utaviona, na ndo maana uyoga mzuri huwa unaota pale pale juu yake. Kwa hiyo mchwa akiingia kwenye mmea mbichi mara nyingi ni moja kati ya mawili, ama makavu yameisha, ama huo mmea una kiu au una kidonda umeshaanza kufa kidogo kidogo. Ndo maana shida inakua kubwa kiangazi, na ndo maana bustani iliyofagiliwa ikabaki udongo mtupu mara nyingi ndo inayoliwa zaidi, tumewanyima chakula chao afu tunashangaa wamehamia kwenye miche.

Kwa hiyo cha kwanza ni maji. Mwagilia hadi yazame chini, usilowanishe juu tu, na ukipalilia angalia jembe lisijeruhi mizizi wala shina. Cha pili waachie makavu yao, tandaza nyasi na mabua katikati ya mistari, ila yasiguse shina kabisa, acha nafasi ya shubiri moja kuzunguka kila mche. Hapo ndo wengi tunakosea, tunafunika mpaka shingoni, mchwa wanapenda giza na unyevu wanapita humo chini bila kuonekana. Samadi pia iwe imeoza kweli kweli, ile yenye mabonge makavu ukiweka kwenye shimo ni sawa na kuwaita. Visiki vya zamani ng'oa, na miti ya kusimamishia nyanya menya magamba kwanza, upande wa chini ubabue kwenye moto mpaka uwe mweusi. Mahindi yakikomaa usiyaache yakakae shambani wiki na wiki, likianguka moja linaliwa na gunzi lake.

Kuna mtego rahisi naupenda kuliko vyote. Chukua chungu kibovu, jaza mabua yaliyopondwa pondwa na kinyesi cha ng'ombe kikavu, nyunyiza maji kidogo, tafuta pale walipojenga vijia vyao vya udongo, kwangua juu uone tundu, afu ukifunike kifudifudi hapo juu na uzungushie udongo mwanga usiingie. Kesho yake au keshokutwa kifunue haraka, utakuta wamejaa, wape kuku. Kuku wanawagombania. Rudia rudia utaona wanapungua kwenye miche, ila usiwape kuku mchwa wa sehemu iliyowekwa sumu, tafadhali.

Kichuguu kikiwa ndani ya bustani kabisa, hapo tafuta malkia. Si kazi ndogo, mara nyingi ni mita moja kwenda chini au zaidi, chimba hadi ufike bonge la udongo mgumu kama tofali lenye vitundu vidogo, livunje taratibu, yeye yumo humo kavimba anaweza kulingana na kidole chako cha kati au kumzidi. Kubomoa juu tu bila kumtoa ni kujichosha, watajenga tena. Na hata ukimtoa endelea kukagua, zipo aina zenye malkia zaidi ya mmoja au zinazoweza kupata mwingine.

Majivu ya kuni kuzunguka mche yanasaidia kwa muda, mvua ikinyesha unarudia, ila usizidishe mana yanabadilisha udongo. Mbegu za mwarobaini zilizotwangwa zikalowekwa usiku kucha nazo zinawafukuza ukimwagia kwenye shina. Oili chafu na dizeli hapana jamani, unaua udongo wako mwenyewe.

Sumu ya dukani iwe ya mwisho kabisa, iwe imesajiliwa kwa zao hilo hilo, na lebo isome yote hasa zile siku za kusubiri kabla ya kuvuna. Ukikuta mtu anakuuzia dieldrin, aldrin au chlordane usiguse, hizo zilikua dawa maarufu za mchwa enzi hizo, zinakaa kwenye udongo miaka na miaka na zinaingia kwenye maziwa ya mama, ndo maana zimewekwa kwenye Mkataba wa Stockholm tangu 2001.

Na ukiona siafu wanapita bustanini wameshika mchwa mdomoni, waache wapite. Usiwapulizie chochote, wanaingia hadi kwenye mashimo ambayo jembe lako halifiki.