Toleo imara la mfumo endeshi huria: panga kufunga kabla ya kupanga kutoa

Kosa kubwa hufanyika mapema kabisa: kutangaza tarehe ya kutoa. Hakuna ajuaye hitilafu zitakwisha lini, ila kila mradi unaweza kuamua lini utaacha kupokea mabadiliko. Tangaza tarehe ya kufunga, yaani ya kuacha kupokea mabadiliko, miezi mingi kabla, na ya kutoa itajwe wiki chache za mwisho, kama wafanyavyo Debian, mradi wa mfumo endeshi wa Linux. Ubuntu, mfumo mwingine wa Linux, hufuata njia nyingine: tarehe haisogei, Aprili na Oktoba, na kisichokamilika kinasubiri awamu ijayo. (Toleo la 6.06 lilikuwa tofauti. Mwaka 2006 lilisogezwa hadi Juni.) Chagua njia moja. Ukishikilia tarehe na pia orodha ya vipengele, utakachotoa hakitakuwa imara.

Usifunge kila kitu kwa siku moja. Debian 13 ilifungwa kwa hatua nne mwaka 2025. Kuanzia 15 Machi hakuna maktaba kubwa (msimbo unaotumiwa na programu nyingi kwa pamoja) wala kikusanyaji cha msimbo (kinachougeuza kuwa programu) kilichoruhusiwa kubadilika. Kuanzia 15 Aprili vifurushi vipya (programu zilizofungashwa tayari kusakinishwa) vilikataliwa, yakabaki marekebisho madogo. Kuanzia 15 Mei vifurushi vya msingi, na visivyo na majaribio ya kiotomatiki, vilihitaji idhini ya timu ya toleo. Tarehe 27 Julai idhini ikawa lazima kwa kila kifurushi, na toleo likatoka 9 Agosti.

Maktaba hutangulia kwa sababu kiolesura chake, yaani namna programu zinavyoiita, kikibadilika, kila programu inayoitegemea hujengwa upya, na moja ikigoma kujengeka huzuia zote zisisonge. Debian ilipohamisha saa ya mfumo kwenda biti 64 kwa prosesa nyingi za biti 32, ili zivuke mwaka 2038 ambapo saa ya biti 32 hufikia kikomo, maelfu ya vifurushi yalijengwa upya. Kazi ya namna hiyo ifanywe mwanzoni mwa mzunguko, au iachwe.

Kerneli, yaani kiini cha mfumo, nayo iamuliwe kabla ya kufunga, na iwe ya matunzo ya muda mrefu: Debian 12 ilichukua 6.1, Debian 13 ikachukua 6.12. Ukichukua ya kawaida kwa kuwa ni mpya zaidi, baada ya miezi michache watengenezaji wa kerneli wataacha kuirekebisha na mzigo utakuwa wako.

Andikeni mapema ni hitilafu zipi zinazuia toleo: inayopoteza data, inayofungua mwanya wa usalama, inayoharibu programu nyingine, kifurushi kisichojengeka kutoka kwenye msimbo wake, leseni isiyoruhusu kusambaza. Kifurushi chenye hitilafu hiyo kisicho na wa kukishughulikia kiondolewe kiotomatiki baada ya onyo. Wanaokitumia watalalamika, na mara nyingi lalamiko hilo ndilo humleta wa kukirekebisha.

Sehemu inayopuuzwa zaidi ni kuhama kutoka toleo lililotangulia. Mashine safi ya majaribio haikuambii kitu. Jaribu kwenye mashine iliyochakaa: /boot (sehemu ya diski ya kuwashia mfumo) ndogo iliyojaa kerneli za zamani, hazina za vifurushi (seva za kupakulia) za watu wengine, faili za mipangilio zilizohaririwa kwa mkono. Jaribu pia kwa SSH, njia ya kuendesha mashine ukiwa mbali, maana jina la kadi ya mtandao likibadilika, seva iliyo mbali haifikiki tena ikiwashwa upya. Kila linaloharibika liingie kwenye maelezo ya toleo pamoja na amri ya kulitatua. Debian 12 ilihamishia programu-dhibiti (zinazoendesha vifaa vya mashine) zisizo huria kwenye sehemu ya pekee ya hazina, non-free-firmware, na asiyeiongeza kwenye sources.list, faili linaloorodhesha hazina, hakupata masasisho yake. Debian 13 iliweka /tmp kwenye kumbukumbu ya RAM. Anayerundika faili kubwa humo ajulishwe kabla.

Siku yenyewe, tengeneza faili za ISO, za kusakinishia mfumo, kutoka kwenye hazina ya mwisho, zijaribiwe kwa UEFI na BIOS ya zamani (njia mbili za kuwasha mashine), kisha zitiwe saini ya kidijitali. Hakikisha hazina ya masasisho ya usalama imeshafunguliwa kwa jina la toleo jipya. Subiri seva-nakala, zinazohifadhi nakala za hazina, zimalize kusawazika. Tangazo likitangulia, watu hupakua hazina iliyokamilika nusu na kuripoti hitilafu ambazo hazipo.

Marekebisho yaliyokataliwa katika hatua ya mwisho yapangieni toleo dogo la kwanza. Debian 13.1 ilitoka 6 Septemba, wiki nne tu baadaye.