Uko Uarabuni na bosi kashika pasipoti? Namna ya kuutumia ubalozi wako

Dada zetu wengi wanaofanya kazi za ndani Riyadh, Doha, Muscat wanaogopa ubalozi kuliko wanavyomuogopa kafili, yaani bosi aliyekudhamini viza, na inauma sana, kwa sababu hata kama viza imeisha au ulipitia njia za panya wewe bado ni raia na yule afisa wa konseli, anayeshughulikia shida za raia pale ubalozini, kawekwa pale kwa ajili yako.

Anza kabla hujapanda ndege. Piga picha pasipoti, viza na mkataba, mtumie mtu wa nyumbani unayemwamini, usibaki nazo kwenye simu yako tu maana simu nayo inaweza kuchukuliwa. Afisa hawezi kukupa hati ya dharura ya kusafiria mpaka ajue kweli wewe ni mtu wa kwao, akiwa na namba ya pasipoti kazi inakua nyepesi, bila hiyo ataandikia uhamiaji nyumbani na hapo utasubiri.

Ukipiga simu ubalozini usianze kuhadithia toka mwanzo, simu inaweza kukatwa muda wowote. Taja jina lako kama lilivyo kwenye pasipoti, namba ya pasipoti, mji na mtaa, jina na simu ya kafili, ejenti aliyekupeleka, kisha shida yenyewe: "sijalipwa miezi mitatu", "napigwa", "nimefungiwa ndani". Tuma na lokesheni, na uliza jina la aliyepokea.

Ukikamatwa sema wazi unataka ubalozi wako ujulishwe. Mkataba wa Vienna wa 1963 wa mahusiano ya kikonseli, kifungu cha 36, unawataka polisi wajulishe bila kuchelewa, LAKINI mpaka wewe uombe. Hapo afisa ana haki ya kuja kukuona na kukupangia wakili. Kukutoa jela kwa nguvu au kukulipia deni hawezi.

Na hili wengi hawalijui, hati ya dharura peke yake haikutoi Saudia. Unahitaji pia viza ya kutokea, na kama kafili kakuripoti umetoroka, ile wanaita huruub, utakwama eapoti na hati yako mkononi. Kwahiyo mwambie afisa afuatilie hati na viza ya kutokea kwa pamoja.

Simu zisipopokelewa, ndugu aende wizara ya mambo ya nje na zile picha, aandike barua na abaki na kopi iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.