Somo: Namna ya kusoma mvua ya kale kwenye jani lililogeuka jiwe

Wakuu, karibuni. Miaka kama milioni 46 iliyopita, Mahenge ya Singida (si ile ya Morogoro) palikuwa na ziwa dogo ndani ya kreta, yaani shimo la volkano. Majani yaliyodondokea humo yalifunikwa na tope laini, tope likawa jiwe, na mishipa yake inaonekana hadi leo.

Hatua ya 1. Panga visukuku, yaani mabaki hayo yaliyogeuka jiwe, kwa aina. Jina la mti si lazima. Jua tu kwamba hili si lile. Tumia lenzi.

Hatua ya 2. Angalia ukingo. Chuma jani la mwembe, pitisha kidole pembeni: laini. Sasa shika la mwarobaini: meno kama msumeno. Kwenye joto, aina nyingi za miti huwa na ukingo laini. Kwenye baridi, zenye meno huongezeka. Wataalamu wa mimea Bailey na Sinnott walilieleza hili mwaka 1915.

Hatua ya 3. Piga hesabu. Tuseme kati ya aina 20, zenye ukingo laini ni 15, yaani 0.75. Zidisha kwa 30.6, jumlisha 1.14: wastani wa joto la mwaka ni nyuzi 24 hivi. Kanuni hii ilipatikana kwenye misitu ya Asia Mashariki, hivyo Afrika itumieni kwa tahadhari.

Hatua ya 4. Pima ukubwa. Hapa ndipo Mahenge inaponigusa. Jani pana hupoteza maji mengi, kwa hiyo penye ukame majani huwa madogo. Ya Mahenge ni madogo, mengi ya jamii ya mikunde, na makadirio ya mvua yakaja chini ya milimita 800 kwa mwaka. Mti mmoja umepewa jina Aphanocalyx singidaensis. Dunia ilikuwa na joto kuliko sasa, lakini Singida haikuwa msitu mnene. Ilikuwa pori linalokaribiana na miombo yetu!

MASWALI

Mkuu, mwarobaini una meno na unastawi Dodoma kwenye jua kali. Kanuni si imevunjika?
Haijavunjika, ndugu. Jani moja halitoshi kusema lolote. Ukiwa na aina chini ya 20, kosa huwa kubwa.

Hewa ya ukaa nayo inasomeka?
Ndiyo, kama ngozi ya jani imehifadhika. Hewa ya ukaa ikizidi, vitundu vya kupumulia hupungua. Vihesabu kwa hadubini, kisha linganisha na jamaa wa mti huo walio hai.

Nimeona jiwe lenye jani korongoni kwetu. Nilichukue?
Tafadhali liache. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda visukuku. Weka sarafu kando ya jiwe ili ukubwa uonekane, piga picha, andika mahali, kisha toa taarifa Makumbusho ya Taifa. Likishang'olewa bila kujulikana lilitoka tabaka gani, hatutajua ni mvua ya zama zipi.