Namna ya Kuchagua Gitaa la Umeme la Ofseti: Shingo Kwanza, Daraja Baadaye

Magitaa ya ofseti hutambulika kwa kiwiliwili kilichopinda, ambacho kiuno chake cha upande wa juu hakikabiliani na kile cha upande wa chini. Mtengenezaji wa magitaa Leo Fender alilitoa Jazzmaster mwaka 1958 akiwalenga wapigaji wa jazz wanaopiga wakiwa wameketi, kisha Jaguar likafuata mwaka 1962 na Mustang mwaka 1964. Umbo hilo huwavutia wanunuzi wengi kabla hata hawajagusa uzi mmoja, na hapo ndipo uamuzi unapoanza kwenda kombo, kwa kuwa magitaa haya yana kasoro za aina mbili: zile zinazotokana na usanifu wenyewe, ambazo hurekebishwa kwa bisibisi na nyuzi zinazofaa, na zile zinazotokana na ujenzi mbovu, ambazo hazirekebishiki kwa gharama ya maana. Mnunuzi asiyeweza kuzitenganisha atalikataa gitaa zuri kwa sababu linatetema, kisha atachukua bovu kwa sababu rangi yake inapendeza.

Anza na shingo, kwa sababu ndicho kipande kigumu zaidi kukibadilisha. Litazame gitaa kutoka upande wa kichwa kuelekea kwenye daraja (kipande kinachobeba nyuzi kwenye kiwiliwili), jicho likiwa sambamba na ukingo wa ubao wa vidole. Mbonyeo mdogo wa mbele si tatizo. Ukibana uzi kwenye freti (vipande vya chuma vilivyokatiza ubao wa vidole) ya kwanza na ya mwisho kwa wakati mmoja, nafasi ya takriban robo milimita inayobaki juu ya freti ya saba au ya nane ni ya kawaida, na fimbo ya chuma iliyo ndani ya shingo huweza kuiongeza au kuipunguza. Shingo iliyojisokota, yaani ambayo upande wa uzi mnene umeinama tofauti na upande wa uzi mwembamba, iache hapo hapo hata kama bei ni ya kutupa. Kwenye magitaa yanayofuata mtindo wa zamani, fimbo hiyo hukazwa kutokea kwenye kisigino cha shingo, hivyo huenda fundi akalazimika kuifungua shingo kila anaporekebisha. Ni usumbufu, lakini si kasoro.

Pitisha kiganja kwenye kingo zote mbili za shingo ili kuhisi kama ncha za freti zinakwaruza, kisha vuta uzi wa kwanza, ule mwembamba zaidi, hadi noti ipande kwa toni nzima (sawa na freti mbili) katika kila freti kuanzia ya kumi na mbili kwenda juu. Ubao wa vidole wenye mviringo wa nusu kipenyo cha milimita 184, ambao ni wa mtindo wa zamani, hustarehesha mkono unapobana kodi (noti kadhaa kwa pamoja) lakini huweza kuiua sauti ya uzi unaovutwa ikiwa nyuzi zimeshushwa mno, ilhali mviringo wa milimita 241 huvumilia zaidi. Sauti ikikatika mahali pamoja tu, freti moja imeinuka. Ikikatika katika freti zote za juu, jaribu kwanza kuinua nyuzi kidogo kabla ya kuhukumu.

Urefu wa nyuzi zinazotetema nao ubadilishe matarajio yako. Jazzmaster lina milimita 648, nalo Jaguar lina 610, na kwa nyuzi za unene uleule zilizosawazishwa kwa noti zilezile, mkazo kwenye Jaguar hupungua kwa karibu asilimia 11. Vidole vidogo hufurahia freti zilizokaribiana, ila nyuzi nyembamba juu ya gitaa hilo hulegea na kuyumba. Nisingelifunga nyuzi zinazoanza na unene ulio chini ya inchi 0.011.

Sasa njoo kwenye daraja, ambako malalamiko mengi huzaliwa. Katika usanifu wa asili, nyuzi hupita juu ya daraja kisha hufika kwenye tremolo (kifaa chenye mkono wa kuyumbisha noti) iliyo mbali nyuma yake, kwa hiyo pembe yake ni ndogo na shinikizo linaloikalisha nyuzi mahali pake ni dhaifu. Piga uzi wa sita, ule mnene zaidi, kwa nguvu mara kadhaa uone kama unaruka kutoka kwenye mfereji wake, na gusa skurubu ndogo za daraja usikilize kama mtetemo unakoma. Matatizo haya mawili hayatoshi kulikataa gitaa. Nyuzi nene husaidia, daraja la mtindo wa Mustang lenye mfereji mmoja mpana kwa kila uzi husaidia zaidi, na kipande chembamba cha mbao kikiwekwa ndani ya tundu la shingo, yaani lile la kiwiliwili ambamo shingo huingia, huiinamisha shingo nyuma ili daraja lipandishwe na pembe iongezeke. Kile kifaa cha ziada kinachozikandamiza nyuzi nyuma ya daraja sikipendi, kwa kuwa huongeza msuguano na kupunguza wepesi wa tremolo, ambao ndio raha ya gitaa hili.

Kinachostahili kukutia shaka ni tundu la shingo lenye mwanya mpana, au uzi wa kwanza unaokaribia kuanguka ukingoni mwa ubao huku wa sita ukiwa na nafasi tele. Wakati mwingine kulegeza skurubu za shingo na kuisukuma kunatosha. Muuzaji afanye hivyo mbele yako, si baada ya kulipwa.

Bonyeza mkono wa tremolo, uachie, kisha upime noti tena. Zikihama, sikiliza mlio wa “ting” unapozungusha funguo za kukazia nyuzi, kwani mara nyingi uzi umebanwa kwenye mfereji ulio mwanzoni mwa shingo, jambo ambalo fundi hulimaliza haraka. Tremolo bora huwa na kitufe cha kufunga kinachozuia nyuzi nyingine zisipande noti mmoja unapokatika. Za bei nafuu mara nyingi hazina.

Vifaa vya umeme nivipe nafasi ndogo. Jazzmaster la kawaida lina mikondo miwili ya umeme, na swichi ya kuteleza iliyo juu ikihamia upande wa pili, sauti hutegemea magurudumu madogo yaliyo kando yake. Kabla ya kusema pikapu (kifaa kinachonasa mtetemo wa nyuzi) imekufa, yazungushe hayo. Vifundo vinavyokwaruza na tundu la waya linalolegea ni kazi ndogo ya lehemu, hivyo vitumie kuombea punguzo.

Mwisho, kaa nalo, kisha simama ukiwa umelivaa kwa mkanda na uachie mkono wa kushoto: shingo ikizama, bega litachoka. Ikiwa muuzaji anakubali, mwombe afunge nyuzi za 0.011 na kuinua daraja kabla hujaamua, kwa maana gitaa la ofseti lililofungwa nyuzi nyembamba halikuonyeshi lolote kuhusu namna lilivyojengwa.