Kozi fupi ya gemu na jamii: isomeje mpaka utoke na kitu

Wadau, kwanza hili liwe wazi kabla hujalipia chochote, kozi ya gemu na jamii siyo kozi ya kutengeneza gemu. Huandiki programu, huchori wahusika. Unasoma makala, unaandika insha, unabishana na wenzako kuhusu pesa, vurugu, sheria, nani anacheza na nani anafukuzwa kwenye pedi ya kuchezea. Anayetafuta ajira ya kutengeneza gemu aangalie kozi nyingine, hii ni ya mtu anayetaka kuelewa watu.

Pa kuanzia papo. MIT kule Marekani wameweka onlaini bure vifaa vya kozi yao ya Introduction to Videogame Studies, husajiliwi wala hulipi, ila hakuna mwalimu wa kukusahihisha na hakuna cheti. University of Alberta ya Kanada nao wana Understanding Video Games kwenye Coursera, tovuti ya kozi za onlaini, masomo 11, video na maswali, na cheti ukikitaka unalipia. Ukipata chuo cha karibu chenye kozi kama hiyo, omba silabasi kwanza uangalie kitu kimoja tu, je utalazimishwa kuandika? Kama kazi yote ni kuangalia video na kujibu maswali ya kuchagua, mimi ningeiacha. Mambo ya bando unayajua mwenyewe, shusha makala zote usiku bando likiwa rahisi, usome bila intaneti.

Sasa kazi yenyewe. Kabla kozi haijaanza chagua gemu moja na swali moja, utembee navyo mpaka mwisho, maana wiki ni chache na mada ni nyingi, leo historia, kesho jinsia, keshokutwa uchumi, na usiposhika kitu kimoja utamaliza una majina ya wataalamu kichwani na huna hoja hata moja. Chagua gemu unayoijua mpaka kwenye vidole. Kwa wengi wetu ni mpira, EA Sports FC, ambayo mtaani bado inaitwa FIFA japo jina lilibadilika 2023.

Na hiyo FIFA ina utajiri wa kutosha insha nzima. Chukua zile paketi za wachezaji za Ultimate Team, ile sehemu ya gemu unapojijengea timu yako, unalipa pesa halisi hujui utampata nani. Ubelgiji mwaka 2018 mamlaka ya kamari ikasema maboksi ya namna hiyo ni kamari, mwanzoni mwa 2019 EA, kampuni yenye gemu hiyo, wakaacha kuuza FIFA Points, zile pointi za kununulia paketi, nchini humo. Uholanzi, jirani kabisa, mamlaka yao ikawatoza EA faini ya euro milioni 10, halafu 2022 mahakama ya juu ya mambo ya utawala ikaifuta. Gemu ileile, nchi mbili zinapakana, majibu mawili tofauti! Hapo ndo kozi inapoanza kunoga, kwa sababu swali siyo tena kama gemu ni mbaya au nzuri, swali ni kamari inaanzia wapi na nani ana mamlaka ya kusema. Halafu lilete nyumbani, kijana anayeweka mkeka wa kubeti asubuhi na kufungua paketi jioni, yeye mwenyewe anaona tofauti gani? Muulize, usimjibie.

Kuuliza huko ndo sehemu ninayoipenda kuliko zote. Nenda banda la gemu la mtaani na daftari. Omba ruhusa kwa mwenye banda, mweleze unasoma nini, usiandike majina ya watoto wala kuwapiga picha. Kisha kaa, angalia. Malipo ni kwa mechi au kwa muda? Aliyefungwa anatoka au analipa tena? Nani anakaa nyuma anashangilia bila kugusa pedi hata mara moja? Wasichana wapo, na kama hawapo wenyewe wanasemaje? Ugomvi ukitokea anaamua nani? Andika ulichoona upande mmoja wa ukurasa na unachodhani maana yake upande wa pili, usivichanganye, maana wiki mbili baadaye hutakumbuka kipi ulikiona na kipi ulikifikiria.

Mada ya vurugu itakuja tu, haikwepeki. Usiingie na maneno ya mahubiri wala ya mashabiki. Soma historia, Marekani maseneta waliwaita wakuu wa kampuni za gemu mwaka 1993 kwa ajili ya Mortal Kombat, gemu ya mapigano yenye damu, na nyingine, mwaka uliofuata kampuni zikaanzisha wenyewe mfumo wa alama za umri, ESRB. Mwaka 2011 Mahakama ya Juu kabisa ya Marekani ikaiangusha sheria ya California iliyozuia kuwauzia watoto gemu za vurugu, majaji 7 kwa 2, wakasema gemu inalindwa na uhuru wa kusema kama vitabu. Linganisha na China, 2021 waliamua mtoto chini ya miaka 18 acheze onlaini saa moja tu kwa siku, tena Ijumaa, Jumamosi, Jumapili na sikukuu peke yake. Weka hizo mbili pamoja uulize kila serikali inamwona mtoto ni nani, insha inajiandika.

Ukihitaji vya kusoma zaidi kuna jarida linaitwa Game Studies, lipo tangu 2001, lote bure onlaini. Lugha yake ngumu, soma utangulizi na hitimisho kwanza, katikati rudi baadaye.

Mwisho, mwandikie mwalimu mapema, wiki ya kwanza kabisa, umuulize kama insha yako inaweza kuwa ya banda la mtaani kwenu. Makala nyingi utakazopewa zina mchezaji mwenye mashine yake sebuleni, kwa hiyo mweleze vizuri, bei ya mechi, televisheni ngapi, benchi la kusubiri, umeme ukikatika mechi katikati inahesabiwaje. Usidhani anajua.