Kuua viluwiluwi vya mbu kwa mbegu za mwarobaini

Watu wengi wanachemsha majani, ila nguvu yenyewe iko kwenye kokwa la mbegu, humo ndo azadiraktini, ile kemikali inayoua wadudu, imejaa. Okota matunda ya njano yaliyodondoka, toa nyama, osha, anika kivulini, na zenye ukungu tupa kabisa. Zikikauka bangua maganda, twanga kokwa kwenye kinu taratibu zisianze kutoa mafuta, alafu pima kama gramu 50 kwa lita 1 ya maji, loweka usiku mzima ukiwa umefunika, asubuhi kamua na kitambaa safi.

Jua linaiua hii dawa haraka, kwa hiyo mwaga jioni na utumie siku hiyohiyo. Kabla ya kumwaga kwenye shimo la maji, chota maji yake na viluwiluwi kwenye kopo ujaribu kwanza. Na usitegemee vife palepale jamani, mwarobaini unavizuia kujivua gamba vikue, vinabaki vinazubaa siku kadhaa ndo vinakufa. Ila vile vilivyojikunja kama alama ya koma, hivyo ni pupa, hatua ya mwisho kabla ya kuwa mbu, havili tena na dawa haivisumbui sana, hivyo mwaga maji yote chini kwenye udongo mkavu.

Rudia kila wiki, manake yai mpaka mbu ni kama siku 7 hadi 14 tu. Usiweke kwenye maji ya kunywa wala bwawa la samaki. Tairi na makopo usihangaike nayo na dawa, pindua tu, na neti usiache kulalia.