Stoo ya kukodi Kampala: pima vitu vyako kwanza, bei baadaye

Kazi yangu ni kuhamisha watu na kuwatafutia stoo hapa Kampala, na wateja wengi ni sisi wenyewe tunaoongea Kiswahili: familia za Kikongo za Nsambya na Katwe, Wakenya ambao mkataba wa kazi umeisha, wanafunzi wa Kansanga wanaofunga chuo na hawataki kulipia chumba miezi ambayo hawapo. Karibu wote wakipiga simu swali la kwanza ni "stoo ya bei gani ipo?" Mi nawarudisha nyuma kidogo. Bei haina maana kama hujui vitu vyako vinakula nafasi kiasi gani, na ukimwachia dalali akuamulie ukubwa atakupa chumba kikubwa maana komisheni yake inatoka kwenye kodi. Kwa hiyo fanya hivi.

Hatua ya 1: Toa visivyokaa stoo

Mtungi wa gesi, petroli, mafuta ya taa, hapana, hata kama mwenye stoo hajauliza. Unga, maharage, mchele pia hapana, panya wakiingia kwa ajili ya posho (unga wa ugali) hawataishia kwenye posho, watakula na magodoro. Pasipoti, vyeti vya shule na karatasi za kiwanja tembea navyo au mwachie mtu unayemwamini. Hii hatua ni fupi ila usiiruke.

Hatua ya 2: Chukua tepu upime kila kitu kikubwa

Hapa ndo kazi yenyewe ilipo, na watu hawapendi kuifanya. Pima urefu, upana na kimo kwa mita, zidisha zote tatu, unapata mita za ujazo. Usipime eneo la chini peke yake, kwa sababu stoo unalipia mpaka darini, na wewe unataka kujaza mpaka karibu na dari.

Ngoja nichukue nyumba ya kawaida, sebule na chumba kimoja cha kulala. Godoro la sita kwa sita la inchi nane ni kama 0.7. Kitanda kikishafunguliwa mbao zikafungwa kamba ni 0.3 hivi. Sofa ya watu watatu yenye urefu wa mita 2 na 0.9 kwa 0.9 inakula 1.6, na zile mbili za mtu mmoja mmoja pamoja ni 1.5. Friji 0.7. Kabati la nguo lililofunguliwa 0.4, jiko la plate nne 0.3, meza ya chakula na viti vyake 0.7. Halafu maboksi: boksi la sentimita 45 kila upande ni 0.09, kwa hiyo maboksi 20 ni 1.8. Jumlisha zote unapata mita za ujazo 8.

Umeona wapi nafasi imeenda? Sofa peke yake ni 3.1, yaani zaidi ya theluthi moja ya mali yote ya nyumba, na kitanda ambacho watu wanakiogopa kikishafunguliwa si kitu kabisa. Kwa hiyo kabla hujapima muite fundi au chukua spana mwenyewe, fungua kila kinachofunguka, misumari na skrubu weka kwenye kaveera (mfuko wa plastiki) kadogo ukafunge kwenye mguu wa kitanda chenyewe. Viti vya plastiki vipandishe. Ndani ya friji, ikishakauka vizuri, na ndani ya masufuria makubwa weka vitu laini, mashuka na mapazia.

Nguo usiziweke kwenye magunia kama unaweza kupata maboksi ya saizi moja. Gunia halipandishwi juu ya gunia likatulia, linalala, linamwagika pembeni, na ukiwa na magunia kumi utaishia kutumia chini tu huku juu kumebaki hewa unayoilipia kila mwezi.

Hatua ya 3: Ongeza hewa, na ujiulize utaingia mara ngapi

Vitu havipangiki kama matofali, lazima mianya ibaki. Mi nagawanya jumla kwa 0.75. Kwa ile nyumba yetu, 8 gawa kwa 0.75 ni kama 10.7. Hiyo ni ya mtu anayefunga kufuli akaondoka mpaka siku ya kuhama tena.

Kama wewe ni mfanyabiashara unachukua mzigo kila wiki, au unajua katikati utahitaji nguo za mtoto, acha njia ya kupita ya sentimita 60 kutoka mlangoni mpaka nyuma. Kwenye chumba cha urefu wa mita 3 na kimo cha mita 2.4 hiyo njia inakula mita za ujazo 4.3. Yaani ile 10.7 inakuwa 15! Njia ya kupita ndo inayowapandisha watu kwenda chumba kikubwa, mara nyingi si mali yao. Ukiweza kutenga maboksi mawili matatu ya vitu vya haraka ukayaacha kwa shangazi au kwa jirani, umeokoa kodi ya huo mchochoro mwezi baada ya mwezi.

Hatua ya 4: Linganisha na saizi zilizopo

Stoo za kisasa saizi zake zinatajwa kwa futi. Zikiwa na kimo cha futi 8:

5 kwa 5 ni mita za ujazo 5.7 hivi, inamtosha mwanafunzi au mtu wa muzigo (nyumba ndogo ya kupanga) wa chumba kimoja asiye na sofa.
5 kwa 10 ni 11.3, ndo inayoitosha ile nyumba yetu bila njia ya kupita.
10 kwa 10 ni 22.7, vyumba viwili vya kulala vyenye vitu vingi.
Kontena la futi 20 ndani lina urefu wa mita 5.9, upana 2.35 na kimo 2.39, jumla 33. Hilo ni la familia kubwa au la bidhaa, au mnakodi watu wawili mnaoaminiana na mnaandikiana.

Wengine wanakodi muzigo mtupu au chumba cha duka kinachofungwa kwa kufuli wakakigeuza stoo, na si vibaya, ila pima mwenyewe maana fundi wa mtaani akisema kumi kwa kumi anaweza kuwa alipima ukuta wa nje.

Hatua ya 5: Sasa ndo uongee pesa

Namba hizi ni za mfano, weka zako. Tuseme 5 kwa 10 ni shilingi 150,000 kwa mwezi na 10 kwa 10 ni 220,000. Dalali atakwambia "bosi, hii kubwa ndo rahisi, nafasi mara mbili na bei haijafika mara mbili." Hesabu yake ni ya kweli kwa mita ya chumba. Lakini wewe huhifadhi chumba, unahifadhi mali yako. Gawa kodi kwa mita zako 8: ndogo inakutoza 18,750 kwa kila mita ya mali, kubwa inakutoza 27,500. Kwa miezi sita tofauti ni 420,000, na hiyo pesa inalipa gari la kuhamisha.

Halafu fanya hesabu ya kitu kimoja kimoja, hii naipenda sana na nawaomba wateja wote waifanye. Sofa seti inakula 3.1 kati ya 8. Kwa kodi ya 150,000 ni kama 58,000 kila mwezi, miezi sita karibu 350,000. Kama sofa yenyewe leo ukiiuza utapata 400,000, unalipa kuitunza pesa inayokaribia bei yake, na bila hiyo sofa mita 4.9 zilizobaki zinakaribia kuingia kwenye chumba kidogo zaidi. Uza. Kama ni ya mbao nzuri ya mvule ambayo baba aliacha, hilo ni jambo lingine, lipa kwa moyo mweupe.

Ongeza pia kodi ya mbele, wengi wanataka miezi mitatu kwa mkupuo, na usafiri wa kwenda na kurudi. Stoo ya bei ndogo Namanve kwa mtu anayekaa Ndejje inaweza kukumalizia hela kwenye mafuta.

Hatua ya 6: Nenda na tepu mkononi

Pima mlango kwanza, upana na kimo, maana chumba kinaweza kutosha na sofa ikagoma mlangoni. Kwenye 5 kwa 10 upana ni mita 1.52, godoro la sita kwa sita halilali kwa upana, lazima lisimame kwenye ukuta mrefu, kwa hiyo angalia huo ukuta hauna shelfu wala bomba. Pima kimo pale paa linaposhuka, si katikati.

Halafu tazama chini ya ukuta. Mstari wa rangi ya matope kimo cha kifundo cha mguu unaonyesha maji yaliingia, na mvua zetu za Machi mpaka Mei na za Septemba mpaka Novemba hazimsubiri mtu. Sehemu za bondeni kama Bwaise, na kando ya mifereji ya Lubigi na Nakivubo, uliza majirani wenye maduka, sio mwenye stoo. Mchirizi mwembamba wa udongo mkavu unaopanda ukutani ni mchwa, hapo ondoka. Maji na mchwa vinahusu saizi pia: kama sakafu si ya kuaminika utaweka paleti za mbao chini, zinakula sentimita 15 za kimo, zitoe kwenye hesabu.

Hatua ya 7: Siku ya kupanga

Hamisha mchana, ukiwa na barua ya LC1 (mwenyekiti wa mtaa) wa unakotoka, gari lililojaa magodoro usiku litasimamishwa tu. Vizito chini na nyuma, friji isimame wima mlango umeachwa wazi kidogo kwa kitambaa, sofa ndefu kwa urefu wa chumba, maboksi juu yake mpaka ibaki kama sentimita 30 kufika dari ili hewa ipite, na usiegemeze godoro moja kwa moja kwenye ukuta wa nje, weka mbao katikati. Andika majina ya vitu upande wa boksi unaotazama mlango. Kabla ya kufunga piga picha mbili, moja kutoka mlangoni na moja kutoka juu, uzitumie mwenye stoo kwa WhatsApp siku hiyo hiyo pamoja na orodha ya vitu, ndipo umlipe na umdai risiti yenye saizi ya chumba imeandikwa.